Mnara Wangu Ulio Shambani kwa Sylvanus

Jumatatu, 3 Juni 2024

Siku kubwa! Baridi kali, ukungu mpaka mlangoni, Mlima Meru hauonekani hata kidogo. Lakini mkutano wa kitongoji ulijaa. Mwenyekiti wetu, mama Pudensiana, alipanda juu ya kreti la soda akatangaza kwamba kampuni ya minara inatuletea mnara wa simu. Hapa hapa kwetu! Mtaalamu anapanda Alhamisi kuchagua mahali.

Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilikaa nimenyooka tu, kwa kuwa nilijua wote watanigeukia. Wakanigeukia.

Sababu iandikwe hapa kwa ajili ya wajukuu. Kitongoji chetu kiko juu ya Usa River, kwenye bonde lililojificha nyuma ya mgongo wa mlima. Kule chini kwenye mashamba ya maua simu zinashika mpaka chooni. Kwetu hazishiki. Isipokuwa mahali pamoja: kilima kidogo kilichomo katika kihamba changu, shamba letu la ukoo, katikati ya migomba na kahawa. Ukipanda pale, ukageuka upande wa Moshi, simu inasoma. Watu wamepaita Stesheni. Kila jioni foleni. Kuna wa kupokea pesa, kuna wa kubembeleza wachumba, kuna wa kugombana na wakwe. Wote hupita mlangoni kwangu, wote husema shikamoo mzee Abdiel, hata wale niliosoma nao darasa moja. Sitozi kitu. Heshima inanitosha.

Basi mnara ujengwe wapi kama si Stesheni?

Ndipo Sylvanus aliponyoosha mkono. Sylvanus ni jirani yangu wa chini, mwenye mashine ya kusaga. Alisema kwa ile sauti yake ya kujifanya mnyenyekevu kwamba nyuma ya mashine kuna uwanja mtupu, umeota upupu tu, na gari linafika bila shida. Upupu! Mtu anataka kuweka maendeleo ya taifa kwenye upupu.

Nimerudi nyumbani nikamweleza Hedwiga, mke wangu. Akasema yeye hajali mnara utasimama kwa nani, hata ukisimama juu ya bati la kanisa, mradi aongee na Anneth jikoni, mlango ukiwa umefungwa. Anneth ni binti yetu wa pekee. Anafundisha Masasi, ni mjamzito, anategemea kujifungua Septemba. Nilimwambia Hedwiga hajui thamani ya historia. Akaendelea kumenya ndizi. Najua alichokuwa anakiwaza. Mwaka juzi, Anneth alipopoteza mimba ya kwanza, Hedwiga alipokea habari pale Stesheni, foleni nzima ikimsikiliza, na mtu wa nyuma akamwuliza kama amemaliza. Hakulia mpaka alipofika ndani. Siandiki zaidi.

Jumanne, 4 Juni

Mpango umekamilika. Nimejipongeza mwenyewe kwa chai ya maziwa.

Mtaalamu akifika lazima aone kwamba Stesheni ni mahali penye mwenyewe, panapotunzwa, si kichaka. Nimeng'oa masale kwenye mpaka wa chini, yale marefu yenye majani mazuri, nikayapanda kuzunguka kilima, duara kamili. Mlimani huku kila mtu anajua masale. Ni mpaka, ni amani, ni baraka. Nimeleta na mawe ya mtoni, nikayapaka chokaa, nikayapanga kati ya masale. Nikafagia. Nikakaa juu ya ndoo kuangalia. Pamependeza mpaka nikaona haya kupakanyaga.

Hedwiga alitoka na bakuli la mahindi ya kuku, akasimama. Kwao ni Kibosho, Uchagani. Akasema masale yakiwa mstari ni mpaka, yakiwa duara kuna mtu. Nilimkumbusha kwamba hapa si Kibosho, na kwamba makaburi ya ukoo wetu yako nyuma ya nyumba, yana misalaba, hata mtoto mdogo anayajua. Akasema mtaalamu si mtoto mdogo wa hapa. Akaenda kulisha kuku. Wanawake wa Kibosho wana maneno ya mkato sana.

Jioni niliwasimulia watu wa foleni historia ya Stesheni. Nimeisimulia miaka mingi, na kila mwaka inazidi kunoga. Babu yangu, mzee mwenye heshima zake, alipenda mahali pale kuliko pote. Alikaa pale juu kila jioni akiangalia ng'ombe wake waliotapakaa mpaka tambarare. Akaagiza pasiguswe. Watu walisikiliza vizuri. Nimewaomba wamsimulie na mtaalamu.

Ukweli wenyewe, kwa kuwa shajara haina mdomo: kile kilima ni udongo uliotoka baba alipochimba shimo la choo. Babu alikuwa ameshafariki siku nyingi, na mifugo yake ilikuwa mbuzi wawili. Lakini huwezi kuomba mnara kwa habari za choo.

Alhamisi, 6 Juni

Siwezi kuandika. Naandika hivyo hivyo.

Mtaalamu anaitwa Philemoni, mpima ardhi, kijana wa Marangu. Mpole, viatu vya bei mbaya vimekwisha kwa tope. Alianzia kwa Sylvanus, akakaa kidogo tu, nikaona dalili njema. Halafu akapanda kwangu. Nilikuwa nimevaa suti ya Pasaka na kofia ya pama. Foleni ya Stesheni niliipanga kwa kimo.

Kijana alikuja na mashine yake ya miguu mitatu begani. Alipoyaona masale akasimama. Akashusha mashine. Akavua kofia.

Moyo ulinijaa! Nikasema kimoyomoyo, huyu amelelewa, ameiheshimu Stesheni kabla hajaikanyaga. Nikavua na mimi yangu. Tukasimama kimya, vichwa wazi, manyunyu yakitulowanisha. Mwishowe akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Pole sana, mzee. Ni nani amelala hapa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nilimwambia hakuna aliyelala, haya ni masale ya mapambo. Akasema ananielewa, hata kwao Marangu wazee hawapendi kutajataja. Ila kampuni ina amri yake: penye kaburi hawachimbi, hawapimi, hawakaribii. Nikabadilisha, nikasema ni mpaka. Akauliza ni mpaka wa nini, katikati ya shamba la mtu mmoja. Nikaona bora nilete mashahidi. Nikawaita watu wa foleni.

Wakashuhudia! Mmoja mmoja, kwa ufasaha. Kwamba babu yangu alipapenda mahali hapa kuliko pote. Kwamba aliagiza pasiguswe. Mama mmoja akaongeza kwamba yeye, kila akipanda kupiga simu, kwanza huomba radhi. Huyo sikumtuma.

Ilibaki njia moja tu ya kuokoa mambo, nayo ni kusema habari ya choo. Foleni inasikiliza. Sylvanus naye alikuwa amefika, amesimama mikono nyuma, amejaa unga hadi kwenye nyusi. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Philemoni hakuvaa kofia yake mpaka alipofika barabarani. Kisha akateremka kwa Sylvanus akapigilia vigingi vyekundu kwenye upupu.

Ijumaa, 7 Juni

Mwinjilisti Simel amekuja na Biblia na mwavuli. Amesikitika kwamba familia yetu, washarika wa siku zote, tumelificha kanisa jambo zito namna hii. Anataka kufanya ibada fupi kaburini. Nilimwambia hakuna kaburi. Akauliza taratibu kama marehemu alikufa vibaya.

Hedwiga aliandaa chai kisha akaingia jikoni. Nilimsikia anacheka, kanga mdomoni. Katika saa kama hii!

Lakini nimepata dawa. Nitakifukua kilima chote, mchana kweupe, mbele ya watu. Wakiona hakuna hata mfupa, maneno yatakwisha, na Philemoni atarudi kwangu na vigingi vyake. Ni jambo jepesi sana, nashangaa sikuliwaza jana.

Jumamosi, 8 Juni

Nimechimba. Mgongo haupo tena.

Watu walijaa tangu asubuhi. Nilipoinua jembe kina mama wengine walijifunika vichwa wakaondoka. Mama Pudensiana aliniamuru niache mara moja, nikamjibu kwamba kihamba ni changu na sheria naijua. Nikaendelea. Nikapata kipande cha chungu. Watu wakanong'ona. Nikapata mpini wa jembe. Mnong'ono ukazidi, eti wazee wa zamani walizikwa na vitu vyao. Nikapata buti la mpira, moja, la mguu wa kushoto. Niliwauliza ni mzee gani wa zamani alizikwa na buti la mpira. Mtu akasema labda alikuwa na mguu mmoja.

Hapo hasira ilinipanda. Sikusimama tena mpaka kilima kikawa sawa na shamba. Udongo wote niliusomba na toroli nikaujaza kwenye lile shimo la choo la zamani lililokuwa limetitia. Watu wakaja wakaangalia. Hakuna kaburi, hakuna mfupa, hakuna chochote. Nimeshinda! Nilisimama katikati ya duara la masale, nikatoa simu nimpigie Philemoni papo hapo.

Kimya.

Niligeuka upande wa Moshi. Kimya. Nilipanda juu ya ndoo. Niliegemeza ngazi kwenye mparachichi nikapanda mpaka ngazi ilipoishia, mkono juu. Kimya kabisa. Nikaangalia chini nikaona foleni nzima imenyanyua simu zake hewani, kisha mmoja mmoja wanazishusha, wananitazama mimi.

Hakuna aliyesema shikamoo wakati wa kuondoka.

Jumapili, 9 Juni

Kila Jumapili baada ya ibada Anneth hupiga simu, na Hedwiga humsubiri Stesheni. Leo alikwenda kama kawaida, na nguo zake za kanisani. Alisimama pale palipokuwa kilima, simu mkononi, kwa muda mrefu. Nilikuwa nyuma ya dirisha. Kisha akaingia ndani, akabadilisha viatu, akashuka kwa miguu mpaka Usa River.

Amerudi jioni, sketi imejaa tope. Anneth anavimba miguu. Daktari amemwambia apumzike, asisimame darasani. Hedwiga alinieleza haya akiwa ameweka mikono juu ya meza. Halafu akaniuliza:

"Abdiel, mwanangu akiniita usiku, mimi nitasikilizia wapi?"

Nimejisikia vibaya, naandika wazi, vibaya kweli. Niliosha vyombo vyote, hata visivyokuwa vichafu.

Lakini tuwe wakweli. Kama Sylvanus asingenyoosha mkono siku ile, haya yote yangetoka wapi?

Jumanne, 11 Juni

Nimechukua hatua. Nimeshuka Usa River, nikampigia Philemoni kwa namba niliyoinakili kwenye tangazo la mwenyekiti. Nilimweleza kwamba Stesheni sasa ni tambarare, safi, hakuna kaburi, nimehakikisha kwa mikono yangu. Akauliza mabaki tumeyahamishia wapi. Akanipa pole kwa mara ya pili.

Basi ikanibidi nitumie silaha nyingine. Nilimwambia, kama raia mwema, kwamba kule nyuma ya mashine ya Sylvanus kuna chemchemi chini ya ardhi. Mnara ukisimama pale, mvua za kwanza utalala. Alishtuka. Akashukuru. Nilipanda mlima nikipiga mluzi.

Mluzi uliisha alasiri. Philemoni alimpigia mama Pudensiana, ambaye bahati mbaya alikuwa sokoni huko huko Usa River, na mama Pudensiana alimfikishia Sylvanus neno kwa neno. Sylvanus hakupiga kelele. Alizima mashine, akaenda nyuma, akang'oa vigingi vyekundu kimoja kimoja, akavipeleka ofisini kwa mwenyekiti. Akasema amesaga unga pale tangu mashine iwe mpya, kila mtu humu amesimama pale kwa zamu yake na hajawahi kulowa mguu, na hawezi kuitwa mwongo nyumbani kwake kwa ajili ya simu. Mnara waupeleke wanakotaka.

Wanakotaka ni ng'ambo ya korongo. Mwenyekiti amekuja kutuambia yeye mwenyewe. Philemoni anarudi Ijumaa. Kama hakuna aliyekubaliana na mwenziwe, mnara unakwenda kitongoji cha ng'ambo, na mgongo wa mlima utatuzuia sisi vile vile kama siku zote.

Kwa namna fulani nimeshinda, kwa kuwa Sylvanus hana mnara. Lakini ni ushindi usio na ladha. Hedwiga hajapika. Nimekula ndizi mbivu nikiwa nimesimama.

Alhamisi, 13 Juni

Asubuhi Hedwiga alivaa kitenge chake cha harusi ya Anneth. Akaenda kwenye duara langu, akachagua jani moja la sale, akalikata, akalifunga fundo. Nilimwuliza anakwenda wapi. Akasema kwa Sylvanus.

Nilibaki nimeshika kikombe. Kila mtu wa mlima huu anajua jani la sale lenye fundo. Ukipelekewa, huulizi maswali, husemi utafikiria. Unasamehe. Watu wamesamehe damu kwa jani lile. Na Hedwiga alikuwa analipeleka kwa mwenye mashine ya kusaga, kwa niaba yangu, bila kuniuliza!

Nilimfuata kwa mbali, kwa kupitia kwenye kahawa. Alisimama mbele ya mashine mpaka watu waliokuwa wanasubiri unga wakamwona wakampisha. Sylvanus alizima mashine akatoka. Hedwiga akalishika jani kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema:

"Shemeji, mume wangu amekukosea. Mimi naomba mnara."

Sylvanus aliangalia lile jani muda mrefu. Akajipangusa mikono kwenye suruali kabla ya kulipokea. Hakuuliza habari ya chemchemi. Aliuliza Anneth anaendeleaje na ile miguu. Hedwiga akamwambia. Hapo ndipo Sylvanus alipouliza mume mwenyewe yuko wapi, na Hedwiga, bila hata kugeuka, akamjibu kwamba yuko nyuma ya mibuni, amesikia yote. Nilikohoa. Nikajifanya nakagua matunda kama yameanza kuiva.

Vigingi vimerudi. Philemoni akija kesho atakuta amani.

Kwa hiyo ieleweke, na wajukuu waelewe: Sylvanus amekubali kwa sababu ya masale yangu. Nisingeyapanda, lile jani lingetoka wapi?

Jumamosi, 24 Agosti

Unapanda! Vyuma vyekundu na vyeupe, kila siku kipande kingine juu ya kingine. Umeshaupita msalaba wa kanisa. Umeipita mikaratusi. Jana ukungu ulipotoka, mlima ukawa wazi mpaka kileleni, na mnara wetu ukasimama mbele yake umenyooka, nikaangalia juu mpaka shingo ikauma. Baba yangu alitembea kutwa nzima kwenda kuzungumza kwa simu ya upepo ya misheni. Mimi nimezaliwa humu humu bondeni, na sasa bonde letu lina mnara. Nilijivunia sana. Naandika bila kuona aibu.

Ninasimamia kazi kila siku. Mafundi hawajaniomba, lakini nimegundua hawana mzee wa kuwaelekeza. Wamenipa kofia ngumu ili, walisema, nisipasuke kichwa wakati nawaelekeza.

Kuna jambo moja linaniuma. Watu wameanza kumwita Sylvanus Baba Mnara. Hata mama Pudensiana! Mimi nawauliza wageni swali dogo tu. Ukiwa kwa Sylvanus huuoni mnara, unaona miguu yake. Ukiwa uani kwangu unauona wote, kuanzia chini mpaka taa ya juu. Sasa mnara ni wa nani?

Jumapili bado Hedwiga anashuka Usa River kumpigia Anneth. Siku hizi namsindikiza. Nabeba mwavuli na viatu vyake vya kubadilisha. Si kwa sababu ya kilima. Ni kwa sababu ya utelezi.

Jumatano, 18 Septemba

Umewashwa!

Ilikuwa asubuhi, tunakunywa uji. Kwanza simu ya jirani ililia. Kisha ya upande wa pili. Kisha bonde zima! Ujumbe wa tangu Juni ukaanza kumiminika, simu zinalia kwenye makabati, kwenye mifuko ya makoti, kwenye zizi la ng'ombe. Kuku walikimbilia chini ya ghala. Watu walitoka nje wakawa wanapigiana wakiwa wanaonana.

Hedwiga alikuwa ameiweka simu yake juu ya debe la unga, na alikuwa haiangalii, kwa makusudi. Ikalia. Akafuta mikono. Akafunga mlango wa jikoni kwanza, taratibu, na komeo. Mimi nilikuwa ndani. Hakunifukuza.

Ni Anneth. Amejifungua alfajiri, mtoto wa kike, wote wazima. Akamweka mtoto karibu na simu na mtoto akalia, akalia kwa nguvu zake zote, ndani ya jiko letu, kutoka Masasi. Hedwiga alikaa kwenye kigoda akaanza kulia naye. Akalia kadiri alivyotaka. Hakuna mtu aliyemwuliza kama amemaliza.

Na mimi nililia. Nilisema ni moshi, lakini sisi tunapikia gesi.

Nilipopewa simu nilimweleza Anneth kwamba mtandao huu anaousikia umeletwa na baba yake. Akaomba arudishiwe mama.

Mchana nilimpelekea Sylvanus mkungu wa ndizi. Si shukrani, ulikuwa umekomaa tu. Alinipokea vizuri, akaniuliza jina la mjukuu, akazima mashine ili asikie. Nilikaa naye kidogo kwenye kivuli cha mnara. Kivuli kinafika mpaka kwangu. Nilimwonyesha.

Jumatatu, 23 Septemba

Habari nzito! Mama Pudensiana ametangaza kwamba kampuni ya pili imeona mnara wa kwanza unavyofanya kazi, nayo inataka mahali pake. Mtaalamu mwingine anapanda Alhamisi.

Stesheni iko tayari. Tena sasa ni tambarare, hakuna haja ya kusawazisha. Nimekaa juu ya ndoo nikayatafakari makosa ya Juni kwa utulivu, kama mtu mzima, na nimegundua kosa lilikuwa moja tu. Duara! Wataalamu hawapendi duara. Ukiangalia uzio wa mnara wa Sylvanus una pembe nne. Kwa hiyo leo nimeng'oa masale yote na kuyapanda upya kwa umbo la kisasa, refu kidogo kuliko upana wake, pembe zote sawasawa. Katikati nimeinua udongo kiasi ili maji ya mvua yasituame. Mawe nimeyapaka chokaa upya. Na safari hii hakutakuwa na maswali ya nani ni nani, kwa kuwa upande wa juu nimesimamisha kibao cha saruji, nikaandika kwa herufi kubwa ABDIEL, na chini yake 1961, mwaka niliozaliwa, wajue wanazungumza na mtu mzima. Mbele ya mwaka nimeacha nafasi. Hapo itaandikwa tarehe ya kuzindua mnara.

Hedwiga alitokea uani simu sikioni, anatembea anaongea na Anneth, kama watu wa mjini. Alipoona kazi yangu akasimama. Akaizunguka yote. Akasoma kibao. Nadhani Anneth aliuliza mbona mama umenyamaza, maana Hedwiga alisema:

"Baba yako mzima kabisa. Amejiandaa tu."

Kisha akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo yangu, na simu nayo ikawa inacheka kutoka Masasi. Sijui nini kilichowachekesha. Wanawake wa Kibosho, na huyu mwingine nimemzaa mwenyewe!

Lakini siku imeisha vizuri. Jioni nikiwa nyuma ya migomba naosha brashi, nilimwona mwinjilisti Simel anapita. Akaona masale, akasimama. Akasogea. Akasoma jina langu taratibu, midomo ikichezacheza. Kisha akakunja mwavuli, akavua kofia, akainamisha kichwa. Sikutaka kumkatisha.

Mwezi wa Juni Philemoni alimvulia kofia babu yangu. Leo nimevuliwa mimi mwenyewe.